Yehova-yire: namna ya kulisoma, kulieleza na kuliomba jina hili

Mombasa jina hili limeandikwa kila mahali. Liko kwenye kioo cha nyuma cha matatu za Magongo, kwenye tuktuk za Bombolulu, juu ya milango ya maduka ya nafaka Kongowea, na kwenye mabanda ya saluni Mishomoroni. Ukimuuliza mwenye duka maana yake, atakujibu "Mungu mpaji", na hajakosea. Ila hiyo ni nusu ya jina, tena nusu ya pili. Nusu ya kwanza ni kuona. Anayeiruka huishia kuliomba jina hili kwa namna ambayo kisa chake hakifundishi, kisha asipopata alichotaka hudhani Mungu amemtupa au yeye mwenyewe hana imani. Ndiyo maana inafaa kulijua vizuri kabla ya kulipaza kwenye kesha au kulipaka rangi ukutani.

Maelezo haya ni ya anayefundisha jumuiya au ushirika wa nyumbani, ya kiongozi wa maombi, na ya yeyote anayetaka kuliandika jina ubaoni bila makosa.

Lilipo, na jinsi ya kulisoma hapo

Katika Biblia nzima jina hili limo mara moja tu, Mwanzo 22:14. Usianzie mstari huo. Fungua Biblia ya Union Version, ile ya 1952 iliyounganisha kazi ya Kimvita na ya Kiunguja, usome Mwanzo 22:1-19 yote kwa sauti: ni kisa cha Ibrahimu kuamriwa amtoe mwanawe Isaka awe sadaka kwenye mlima wa nchi ya Moria. Mistari 19 haimalizi dakika tano. Anayeanzia mstari wa 14 hulishika jina likiwa limekatwa kichwa, na makosa mengi tutakayoyataja huanzia hapo.

Unaposoma, weka alama ya penseli mahali pane.

Kwanza, mstari wa 3. Ibrahimu anaamka asubuhi, anatandika punda, anachanja kuni, anaondoka. Jina halijatajwa bado. Pili, mstari wa 4: ni siku ya tatu. Tatu, mstari wa 13: kondoo anatolewa badala ya mwana. Alama ya nne iweke kwenye neno moja la mstari wa 14, neno "akapaita". Hapo Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, maana kile kiambishi -pa- ni cha mahali. Ibrahimu hakumwita Mungu Yehova-yire, alipaita mahali. Ni jina la mlima uliobeba ushahidi wa jambo lililotendeka pale. Hakuna ubaya kumwita Mungu kwa jina hili leo, kwa sababu sentensi yenyewe inamhusu yeye. Lakini anayejua kwamba lilikuwa jina la mahali hatalitumia kama nywila ya kufungulia ghala.

Yehova ni nani, na BWANA ni nani

Jina lina maneno mawili. La kwanza, Yehova, ndilo lile lile ambalo Union Version huliandika BWANA kwa herufi kubwa zote. Mstari wa 14 wenyewe unayaonyesha yote mawili: mwanzoni wafasiri wameliacha jina lilivyo, Yehova-yire, na mwishoni wakaandika "Katika mlima wa BWANA itapatikana." Kwa Kiebrania pale pote ni herufi nne zile zile: yod, he, vav, he. Herufi hizo nne zimo katika Agano la Kale zaidi ya mara 6,800.

Kwa nini basi BWANA? Wayahudi waliliheshimu jina hilo hata wakaacha kulitamka. Wanapolifikia katika kusoma husema Adonai, yaani Bwana wangu, na katika mazungumzo ya kawaida husema Hashem, yaani Lile Jina. Waliotafsiri kwa Kigiriki wakaweka Kyrios, Bwana, na sisi tukafuata njia hiyo. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti tu. Wataalamu wa Kiyahudi waitwao Wamasoreti walipoongeza alama za irabu, kati ya mwaka 500 na 1000 baada ya Kristo, hizo herufi nne walizipa irabu za Adonai ili msomaji akumbuke kusema Adonai. Wakristo wa Ulaya waliosoma baadaye wakaunganisha konsonanti za neno moja na irabu za neno jingine, na hapo ikapatikana Yehova. Wataalamu wengi wa leo wanaona matamshi ya kale yalikuwa karibu na Yahwe.

Je, tuache kusema Yehova? Hapana. Ni umbo lililokwisha kukita katika Kiswahili, na Union Version yenyewe inalo katika Kutoka 6:3. Ushauri wetu ni mmoja: chagua umbo moja ulishike katika somo zima. Mwalimu anayeruka kutoka Yehova kwenda Yahwe kwenda Adonai ndani ya dakika kumi humwacha msikilizaji akidhani ni miungu watatu.

Kuna tatizo jingine ambalo wasomaji wa sauti hulisahau. Herufi kubwa hazisikiki. Neno bwana mjini kwetu ni la mume, la tajiri, na la kumkemea mtu njiani: "Bwana wee!" Ukisoma BWANA kwa sauti, asiyeona kitabu hajui kwamba hapo pana jina. Dawa ni rahisi: kabla ya kusoma, waambie wasikilizaji kwamba kila watakaposikia Bwana katika sura hii ni lile jina la herufi nne. Mara moja inatosha.

Mombasa ina sehemu yake katika habari hii. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika hapa 1844 na mwaka huo huo akaanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Sura tatu za kwanza zilichapishwa 1847. Herufi zile nne hutokea mara ya kwanza katika Mwanzo 2:4. Kwa hiyo swali la kuliita jina hili kwa Kiswahili liliulizwa mapema sana kwenye kisiwa hiki.

Kulitamka

Andika na utamke Yehova-yire. Umbo la Jehovah Jireh lenye j limetoka kwa Waingereza. Kiebrania cha Biblia hakina sauti ya j kama ya "jembe". Ile herufi ya kwanza ni yod, na sauti yake ni y ya "yai". Wajerumani huandika J na kuitamka y, ndiyo sababu maandishi ya zamani ya Ulaya yana J nyingi. Waingereza walipoisoma wakatia sauti yao. Usiseme "jaira" wala "jairi".

Katika Kiebrania neno la pili ni yir'eh: yi, kisha r, kisha pumzi inayokatwa, kisha e. Ile pumzi ni alefu, na aliyepita chuoni akasoma Kurani anaijua kama hamza. Mkazo wao uko mwishoni, wetu uko kwenye silabi ya kabla ya mwisho, basi "YI-re" ya Kiswahili haina kosa. Lililo muhimu ni ile e ya mwisho. Usiigeuze a, sababu utaiona tukifika kwenye kuandika.

Maana: hapa ndipo penye utajiri

Neno yire linatokana na kitenzi cha Kiebrania ra'ah, kuona. Yire ni "ataona" au "huona". Kwa hiyo, neno kwa neno, jina ni "Yehova ataona".

Sasa rudi kwenye sura na penseli yako. Kitenzi hicho kimo mara tano katika Kiebrania cha kisa hiki. Mstari wa 4, Ibrahimu anainua macho na kupaona mahali pale kwa mbali. Mstari wa 8, anamjibu Isaka: "Mungu atajipatia mwana-kondoo", hilo "atajipatia" kwa Kiebrania ni yire, yaani Mungu atajionea mwana-kondoo. Mstari wa 13, anainua macho tena na kumwona kondoo aliyenaswa pembe kichakani. Mstari wa 14 kinatokea mara mbili: katika jina lenyewe, na katika "itapatikana", ambayo kwa Kiebrania ni "itaonekana" au "ataonekana". Wote wanaosafiri katika kisa hiki wanasafiri kwa macho. Ibrahimu anaona kwa mbali, Mungu anaona mbele yake, na mwisho Ibrahimu anaonyeshwa kile Mungu alichokwisha kukiona.

Tafsiri za kale zilibaki kwenye kuona. Ya Kigiriki inasema Bwana ameona, na ya Kilatini inasema Bwana anaona. Ile maana ya kutoa riziki iliingia kwa sababu anayeona hitaji kabla halijafika huliandalia. Hata neno la Kiingereza linalotumika hapo, "provide", limezaliwa na Kilatini cha "kuona mbele".

Kwa msikilizaji wa Mombasa usihangaike na Kilatini. Kiswahili kinalo neno la kazi hii hii. Mama akienda sokoni humwambia jirani, "Niangalilie mtoto." Hamwombi amkodolee macho. Anamwomba amlishe akilia, amzuie asitoke barabarani, amfunike akilala. Vivyo hivyo, mtu akisema anakwenda hospitali kumtazama mgonjwa, haendi mikono mitupu. Ana chupa ya uji, ana machungwa, ana nauli ya mgonjwa ya kurudia nyumbani. Kuangalia na kutazama kwetu ni macho yanayofuatwa na mikono. Hiyo ndiyo yire. Ukilieleza hivi, hata bibi asiyesoma atalishika kwa sentensi moja: Yehova ndiye atuangaliaye.

Mpaji ni neno jema pia, lakini kuna tofauti na usiifiche. Mpaji anaweza kutoa bila kukujua. Tajiri hutupa shilingi dirishani gari likiwa linakwenda. Anayekuangalia amekujua kwanza, na anachokuletea kimepimwa kwa ulichopungukiwa.

Kama wasikilizaji wako wanajua Kiarabu kidogo, na Mombasa ni wengi, waonyeshe kwamba Kiarabu kina mzizi ndugu: ra'a, ameona, yara, anaona. Neno letu rai, yaani mtazamo wa mtu, limetoka huko. Watu huchangamka wakigundua kwamba neno la mlimani Moria lina jamaa kinywani mwao.

Majina yanayochanganywa na hili

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuchanganya El-roi na Yehova-roi. El-roi ni wa Hagari, Mwanzo 16:13, Mungu anionaye, na ana mzizi ule ule wa yire. Basi Hagari, mjakazi aliyetoroka nyikani, alimtaja Mungu aonaye kabla Ibrahimu hajafika Moria. Ukifundisha yire bila kumtaja yeye umemdhulumu. Yehova-roi ni wa Zaburi 23, Bwana mchungaji, na mzizi wake ni mwingine kabisa. Kwa herufi za Kilatini yanafanana. Kwa Kiebrania moja lina alefu na jingine lina ayini, sawa na hamza na ayn katika Kiarabu. Mzizi wa kuchunga ndio ulioleta kwetu, kupitia Kiarabu, neno raia: watu walio chini ya mchungaji wao.

Mengine kwa ufupi: Yehova-nisi ni Bwana bendera yangu, jina la madhabahu ya Musa, Kutoka 17:15. Yehova-shalomu ni jina la madhabahu ya Gideoni, Waamuzi 6:24, na shalomu ni jamaa wa salama. "Bwana nikuponyaye" wa Kutoka 15:26 ndiye waimbaji humwita Yehova-rafa. Usimtaje Yehova-nisi unapoombea kodi ya nyumba kwa sababu tu jina linasikika vizuri. Kila jina lina mahali pake lilipozaliwa.

Kuomba kwa jina hili

Mpangilio tunaoufundisha unafuata mwendo wa Ibrahimu, hatua tano.

Anza kwa kukiri kuona kwake. Usianze na orodha. Sentensi mbili tatu zinatosha: wewe unaona, uliniona kabla sijaamka.

Kisha lieleze hitaji lilivyo, kwa jina na kiasi chake. Si "Bwana, tukumbuke kifedha." Sema: "Karo imebaki shilingi 8,400, shule inafunguliwa Jumatatu, nami nina 3,000." Anayeona hahitaji kuambiwa, ila wewe unahitaji kusikia unachokiomba. Watu wengi wakitakiwa kutaja kiasi hugundua hawajapiga hesabu.

Tatu, taja kazi iliyo mikononi mwako. Ibrahimu alichanja kuni mwenyewe. Kuni zako ni zipi? Kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, kumkumbusha aliyekukopa, kuamka alfajiri kutafuta kibarua bandarini. Ombi linaloruka hatua hii ndilo linalomlaza mtu kitandani akingoja.

Nne, acha nafasi kwa namna ya jibu. Angalia vizuri: mstari wa 8 Ibrahimu alisema mwana-kondoo, na mstari wa 13 kilichokuja ni kondoo dume mkubwa mwenye pembe. Tena mstari unasema alikuwa nyuma yake, si mbele alikokuwa akitazama. Anayeomba kazi ya ofisi akaletewa mtaji wa kuuza viazi karai asidhani hakujibiwa.

Tano, likija jibu, pape mahali jina. Hatua hii watu huiacha, na ndiyo hasa maana ya mstari wa 14. Chukua daftari, andika tarehe, mahali na kilichotendeka: "Kituo cha Buxton, tarehe 12, simu ya kazi." Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakufaa kuliko mahubiri mengi, maana utakuwa na milima yako mwenyewe ya kuonyesha watoto.

Ombi lote lisipite dakika tano kwa hitaji moja. Mfano wa maneno:

"Bwana, wewe huona. Ulimwona Hagari nyikani na Ibrahimu mlimani, na chumba hiki chetu cha Mikindani unakiona. Kodi ni shilingi 6,000, leo ni tarehe tatu, na mfukoni mna 2,500. Kesho alfajiri nitakwenda Kongowea kubeba mizigo, na jioni nitazungumza na mwenye nyumba kwa adabu. Nionyeshe kilichoko nyuma yangu ambacho sijageuka kukiona. Nikipata, nitapaita mahali hapo kwa jina lako. Amina."

Yanayoharibika, na sababu zake

Kulirudia rudia. Kulitamka jina mara ishirini kwa sauti ya juu hakuliongezei nguvu. Amri ya Kutoka 20:7 inakataza kulitaja bure jina la Bwana, na kulitaja bure ni kulitaja pasipo kulimaanisha, hata kama kipaza sauti kinasikika mpaka mtaa wa pili.

Kulitumia kukusanyia pesa. Hili linatuuma, nasi tunalisema wazi. Mhubiri humwambia mjane atoe akiba yake ya mwisho kwa sababu "mlimani pa Bwana itapatikana". Soma tena sura. Katika kisa hiki aliyeleta sadaka ni Mungu. Ibrahimu alipanda na kisu, kuni na moto, na alirudi na mwanawe. Mahali ambapo maskini anapanda na mwanawe na kurudi bila kitu si Moria.

Kulitumia kumfukuza mwenye shida. Mwenye njaa anabisha hodi, unamwambia, "Yehova-yire, ndugu yangu," na mlango unafungwa. Yakobo 2:15-16 inalieleza kosa hili barabara. Huenda macho aliyotumia Mungu kumwona ni yako. Kama huna cha kutoa, mwambie huna. Usimpe jina la Mungu mahali pa chapati.

Kulitenga na kumcha Mungu. Mstari wa 12 unahusu kumcha Mungu, na wa 14 unahusu kuona, na kwa Kiebrania maneno hayo yanakaribiana sana kwa sauti. Mwandishi ameyaweka jirani kwa makusudi. Ukifundisha la pili bila la kwanza, umefundisha soko.

Somo la dakika 40

Kwa kikundi cha watu 8 hadi 15 sebuleni, gawa hivi: kusoma sura dakika 5, kutafuta mara tano za kuona dakika 10, maana ya kuangalia na kutazama dakika 10, Hagari dakika 5, kuomba wawili wawili dakika 10. Usihubiri katika zile dakika kumi za kutafuta. Waache wapekue wenyewe, maana wenye tafsiri tofauti watapata maneno tofauti, na hapo ndipo mjadala mzuri huanza. Wenye Biblia ya simu washauri wazime intaneti, ujumbe usiwakatize.

Jirani Mwislamu akiwapo, kumbuka kwamba kisa hiki anakijua. Ndicho kinachokumbukwa kila Idi ya kuchinja. Kurani, sura ya 37, inakisimulia bila kumtaja mwana kwa jina, na Waislamu wengi wanashika kwamba alikuwa Ismaili. Usiligeuze somo kuwa mnakasha wa mwana yupi. Katika majina mazuri ya Mungu anayoyasoma limo Al-Basiri, Mwenye kuona. Anzeni hapo, mazungumzo yatakwenda mbali zaidi.

Kuliandika ubaoni, garini au kwenye fulana

Kwa Kiswahili andika Yehova-yire, kwa kistari kama Biblia ilivyoandika. Kwa usomaji mzuri, weka urefu wa herufi wa sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Duka linalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara ya mita 15 linahitaji herufi za sentimita 12 au 13. Wachoraji wengi huzifanya ndogo ili watie na ua na njiwa. Mwambie aache njiwa. Kama unasajili biashara, andaa majina mawili matatu ya akiba, kwa sababu hili limetumiwa mno na litakataliwa likifanana na lililokwisha sajiliwa. Kuongeza mtaa au aina ya biashara husaidia.

Ukitaka Kiebrania, ni hivi: יהוה יראה. Husomwa kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu. Programu nyingi za wachapishaji huigeuza bila kukuambia. Kipimo chepesi cha kukagua: maneno yote mawili yana herufi nne, yote mawili huanza na yod na kuishia na he. Yod ndiyo herufi ndogo kuliko zote, inaning'inia juu kama koma. Ikiwa katika neno lolote iko upande wa kushoto kabisa, kazi imegeuzwa, usilipe kwanza.

Kagua tena herufi tatu. He ina mwanya juu ya mguu wake wa kushoto. Ukizibwa imekuwa heti. Yod ikirefushwa hadi chini imekuwa vav. Na resh, herufi ya pili ya neno la pili, ina kona ya mviringo. Mchoraji akiitia kona kali yenye kichomozi imekuwa daleti, na neno litasomeka "ataruka kama ndege", kitenzi kinachotumika kwa tai katika Kumbukumbu 28:49. Tena, bila alama za irabu, herufi zile zile za yire zinaweza kusomwa yir'ah, yaani kicho, hofu. Ndiyo sababu tulisema e ya mwisho isigeuzwe. Mwombe mchoraji aweke alama za irabu chini ya neno la pili: nukta moja chini ya yod, nukta mbili zilizosimama chini ya resh, na nukta tatu za pembetatu chini ya alefu.

Kwa fulana, kanga, karatasi za kufungia vitumbua na mazulia ya mlangoni, tusingeweka zile herufi nne za Kiebrania kamwe. Kwa Wayahudi karatasi yenye jina hilo haitupwi. Huhifadhiwa mpaka izikwe. Vazi litafuliwa, litachanika, litakuwa tambara la kufutia pikipiki. Andika yire peke yake, au andika kwa Kiswahili "Bwana ataona".

Kwa mtoto, jina zima halijawahi kuwa jina la mtu katika Biblia. Kama unataka mzizi huu, Reubeni anatosha: Lea alipomzaa, Mwanzo 29:32, alisema Bwana ameona teso lake, na ndani ya jina hilo mna kitenzi kile kile cha Moria.

Na ubao wa zamani, rangi ikishabanduka kwa chumvi ya pwani, usiuache ukiwa umening'inia kwa msumari mmoja au ukafanywa mlango wa banda la kuku. Lipige msasa jina mpaka lifutike lote, ndipo bati litumike kwa kazi nyingine.